Kila kitu huanza na baki: namna ya kujifunza nadharia ya namba kwa mashindano ya programu

Vijana wengi wanaojiandaa kwa mashindano ya kuandika programu huipokea nadharia ya namba kama orodha. Kuna aliyewatumia kwenye WhatsApp majina yamepangwa juu chini: Euclid, chekeche la Eratosthenes, kanuni ndogo ya Fermat, fi ya Euler, kanuni ya mabaki ya Kichina, Möbius, Miller na Rabin, Pollard. Wanashika moja moja, wananakili msimbo wa kila jina, na wakikutana na swali lisilotaja jina lolote wanakwama. Nimeliona hili hapa Lamu, kwenye baraza za Langoni ambako baada ya Alasiri wanakaa wawili watatu na kompyuta moja, na naamini tatizo si uzito wa somo. Majina yale hayakai sambamba. Moja limezaliwa na jingine, na yote yanatoka kwenye jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi analijua: kugawanya na kubakiwa. Anayejifunza kwa kufuata uzazi huo hahitaji kukariri mengi. Anayeruka huku na huku atakariri mpaka achoke.

Tuanze basi na baki. Mabaharia na wakulima wa pwani wana mwaka wao wa jua, unaofunguliwa na Nairuzi. Una siku 365, nao huugawa kwa miongo, kila mwongo siku 10. Inapatikana miongo 36 na zinabaki siku 5: 365 = 36 × 10 + 5. Ugawe mwaka huo huo kwa juma: 365 = 52 × 7 + 1. Lile baki la 1 ndilo linalofanya Nairuzi iliyoangukia Jumatano mwaka huu iangukie Alhamisi mwakani.

Kanuni yenyewe ni fupi. Namba nzima yoyote ukiigawa kwa m iliyo kubwa kuliko sifuri, utapata gawio moja tu na baki moja tu, lisilopungua 0 wala kufika m. Namba mbili zenye baki moja huhesabiwa kuwa sawa chini ya m; m hiyo ndiyo huitwa modulo. Alama ya usawa huo, ile ya mistari mitatu, ilitoka kwa mwanahisabati Gauss mwaka 1801. Usawa huu unastahimili kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Ukiibadilisha namba kwa baki lake kabla ya kuzidisha, baki la jibu halibadiliki, na ndiyo sababu programu inaweza kupunguza namba zake kila hatua bila kuharibu jibu la mwisho. Haustahimili kugawanya. 4 × 1 na 4 × 3 zote zinabaki 4 ukizigawa kwa 8, lakini ukiondoa ile 4 pande zote mbili unabaki na 1 na 3, ambazo si sawa chini ya 8. Mwanafunzi akiithibitisha aya hii kwa kalamu yake, asiichukue kwa imani tu, sehemu kubwa ya maswali ya mwanzo itamfungukia.

Kuna mitego miwili hapa inayopoteza alama nyingi. Wa kwanza uko kwenye lugha ya programu. −7 ikigawanywa kwa 3, C++ inatoa baki −1, Python inatoa 2. Kwa hiyo ukitoa namba chini ya m ndani ya C++, jumlisha m kisha uchukue baki tena. Wa pili ni ile 1,000,000,007 inayotokea kwenye maswali mengi, yanayotaka uandike baki la jibu likigawanywa kwayo. Wengine huiogopa kama siri, na haina siri. Ni namba tasa, na faida ya utasa wake itaonekana mbele kidogo. Mabaki mawili chini yake yakijumlishwa hayazidi 2,000,000,012, jumla ambayo bado inaingia kwenye namba ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi, maana kikomo chake ni 2,147,483,647. Yakizidishwa, zao linafika karibu 10¹⁸ na linaingia kwenye biti 64. Anayezidisha ndani ya biti 32 anafurikiwa, kompyuta haimwambii lolote, na majaribio ya mfano yenye namba ndogo yanapita salama. Ukikutana na 998,244,353 badala yake, hiyo nayo ni tasa; umbo lake, 119 × 2²³ + 1, linafaa katika kuzidisha polinomia kwa haraka, na anayeanza hana haja nalo.

Kutoka kwenye baki unaingia moja kwa moja kwa Euclid, aliyeandika njia yake yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Kigawo kikubwa cha shirika, KKS, cha namba mbili ni kile kile cha namba ndogo na baki lao. Chukua mwaka wa Nairuzi wa siku 365 na mwaka wa kawaida wa Hijria wa siku 354:

365 = 1 × 354 + 11
354 = 32 × 11 + 2
11 = 5 × 2 + 1

KKS ni 1. (Lile baki la kwanza, 11, ndizo siku ambazo Mfunguo Sita na Maulidi yake hurudi nyuma takriban kila mwaka wa jua, jambo ambalo kila mwenye nyumba ya wageni hapa mjini analijua bila kompyuta.) Usiridhike kwamba njia inafanya kazi, jiulize kwa nini. Kigawo chochote cha 365 na 354 lazima kigawe tofauti yao, 11, na kigawo chochote cha 354 na 11 lazima kigawe 365. Vigawo vya shirika havikupotea wala kuongezeka. Uthibitisho ni huo tu. Na kasi yake? Kila hatua mbili, baki linashuka chini ya nusu. Mwaka 1844 mwanahisabati Lamé alionyesha kwamba hatua hazizidi mara tano ya idadi ya tarakimu za namba ndogo, kwa hiyo namba zilizo chini ya 10¹⁸ hazihitaji hatua zaidi ya 90. Msimbo wake ni mstari mmoja.

Sasa rudi juu kwenye mistari ile, toka chini kwenda juu. 1 ni 11 − 5 × 2. Ile 2 ni 354 − 32 × 11, kwa hiyo 1 ni 161 × 11 − 5 × 354. Na 11 ni 365 − 354, kwa hiyo 1 = 161 × 365 − 166 × 354. Huku ndiko kunakoitwa Euclid iliyopanuliwa: inakupa KKS pamoja na namna ya kuijenga kwa namba ulizoanza nazo. Nimewaona wengi wakinakili msimbo wake bila kuifanya hesabu hii kwa mkono hata mara moja, na hawa ndio wanaoupoteza wakati wa mashindano. Ifanye kwa mkono mpaka uchoke, ndipo uiandike kwa kompyuta.

Matunda yake ya kwanza ni maswali ya aina hii. Mfanyabiashara wa boriti ana mashua inayobeba korija 6 na jahazi linalobeba korija 15. Je, anaweza kusafirisha korija 100 kamili, kila chombo kikienda kimejaa? KKS ya 6 na 15 ni 3, na 3 haiigawi 100, kwa hiyo hawezi, hata apange safari vipi. Korija 99 anaweza. Gawanya yote kwa 3 upate 2x + 5y = 33: safari 14 za mashua na 1 ya jahazi, au 9 na 3, au 4 na 5. Angalia mwendo wake: x inashuka kwa 5, y inapanda kwa 2. Majibu yote yako kwenye ngazi hiyo moja, na maswali mengi ya mashindano yanakuuliza tu ngazi hiyo ina vidato vingapi visivyo hasi.

Matunda ya pili ni makubwa zaidi. Ile 161 × 365 − 166 × 354 = 1 ina maana kwamba chini ya 354, 11 mara 161 inabaki 1. Basi popote utakapotaka kugawanya kwa 11 chini ya 354, zidisha kwa 161. Hiyo 161 ni kinyume cha 11. Kugawanya tulikokukataza mwanzo kumeruhusiwa, kwa sharti: kigawanyo na m ziwe na KKS ya 1. Ikiwa m ni tasa, kila namba isiyo sifuri chini yake inatimiza sharti, na hapa ndipo 1,000,000,007 inapopata thamani yake. Kwa m tasa kuna njia nyingine pia. Fermat alitamka mwaka 1640, na Euler akaja kuthibitisha, kwamba ikiwa p ni tasa na haiigawi a, basi a kwa kipeo p − 1 inabaki 1. Kwa hiyo a kwa kipeo p − 2 ndicho kinyume cha a.

Kipeo kikubwa namna hiyo hukipandi hatua kwa hatua. Unapandisha a kwa mraba, kisha mraba wa mraba, na unazidisha zile tu ambazo kipeo kikiandikwa kwa msingi wa mbili kinazitaka. Kwa kuwa 10⁹ ni ndogo kuliko 2³⁰, miraba 30 inatosha. Lipo kosa moja ambalo hata wazoefu hulifanya: kupunguza kipeo kwa p badala ya p − 1. Chukua 2¹⁰ chini ya 7. Kipeo 10 kikipunguzwa kwa 6 kinakuwa 4, na 2⁴ = 16 inabaki 2; hakikisha, 1024 = 146 × 7 + 2. Ukipunguza kwa 7 unapata 2³ = 8, inabaki 1, na umekosa. Msingi unapunguzwa kwa p, kipeo kwa p − 1. Ikiwa m si tasa, nafasi ya p − 1 inashikwa na fi ya Euler, yaani idadi ya namba kuanzia 1 hadi m zenye KKS ya 1 na m, na msingi nao uwe na KKS ya 1 na m.

Maswali ya kuhesabu michanganyo, yaani njia za kuchagua vitu kadhaa kati ya vingi, chini ya modulo tasa hayahitaji maarifa mengine zaidi ya haya: jedwali la faktoria, jedwali la vinyume vyake, basi.

Namba tasa nimezichelewesha kwa makusudi. Wengi huanza nazo kwa sababu ni maarufu, wakaacha Euclid nyuma. Zinapokuja, zije na chekeche la Eratosthenes, yule wa Alexandria ya karne ya tatu kabla ya Kristo: andika namba zote kuanzia 2 hadi N, kisha kwa kila tasa futa vigawe vyake vilivyo vikubwa kuliko yenyewe. Chini ya 1,000,000 zinabaki tasa 78,498. Mimi husisitiza badiliko moja dogo: usiweke alama ya "imefutwa" peke yake, weka kigawo tasa kidogo kabisa cha kila namba. Kwa jedwali hilo utaichambua namba yoyote hadi N kwa hatua chache tu, ukiigawa kwa kigawo chake kidogo mpaka ifike 1. Idadi ya vigawo, jumla ya vigawo, fi ya Euler, vyote vinasomwa kwenye uchambuzi huo.

Ila ndani ya chekeche kuna wazo ambalo naliona lina thamani kuliko chekeche lenyewe, na halina jina la kutisha. Kupita vigawe vyote vya 1 hadi N, kisha vya 2, vya 3, mpaka vya N, kunagharimu N/1 + N/2 + N/3 na kuendelea. Macho yanadhani hiyo ni N mara N. Kumbe ni kama N mara logi asilia ya N; kwa N = 1,000,000 ni hatua takriban milioni 14.4, kazi ambayo kompyuta ya kawaida inaimaliza ndani ya sekunde.

Tazama linavyofanya kazi. Umepewa namba 200,000, hakuna inayozidi 1,000,000, utafute jozi yenye KKS kubwa kuliko zote. Ukijaribu kila jozi, ni karibu bilioni 20, muda hautoshi hata Euclid awe na kasi gani. Geuza swali. Usiulize "KKS ya jozi hii ni ngapi?", uliza "je, d inaweza kuwa jibu?" Anza na d = 1,000,000 ukishuka, na kwa kila d hesabu vigawe vyake vingapi vimo kwenye orodha. d ya kwanza utakayoikuta na vigawe viwili au zaidi ndiyo jibu, kwa sababu kama KKS ya hizo mbili ingekuwa kubwa kuliko d, ungesimama mapema. Milioni 14 badala ya bilioni 20. Kijana akishazoea kugeuza swali hivi, kutoka kwenye namba kwenda kwenye vigawo, anaanza kuona maswali yaliyomshinda yakiwa na sura moja.

Kanuni ya mabaki ya Kichina nayo ina sifa ya kutisha isiyoistahili. Asili yake ni swali la kale la Sun Zi, mwanahisabati wa China: namba gani ikigawanywa kwa 3 inabaki 2, kwa 5 inabaki 3, kwa 7 inabaki 2? Ndogo kabisa ni 23. Sisi tuna swali letu. Nairuzi imeangukia Jumatano. Ni siku zipi za mwaka zitakuwa siku ya nne ya mwongo na papo hapo Ijumaa? Siku ya 1 ikiwa Jumatano, Ijumaa ni siku zinazobaki 3 zikigawanywa kwa 7. Siku ya nne ya mwongo inabaki 4 ikigawanywa kwa 10. Andika x = 4 + 10t. Chini ya 7, 10 ni 3, kwa hiyo tunataka 4 + 3t iwe sawa na 3, yaani 3t iwe sawa na 6. Kinyume cha 3 chini ya 7 ni 5, na 6 × 5 = 30 inabaki 2. Basi t = 2 na x = 24. Kwa kuwa 10 na 7 hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, mpangilio unajirudia kila siku 70: siku ya 24, 94, 164, 234 na 304. Ukitazama vizuri, hakuna kipya. Ni baki na kinyume, na kinyume ni Euclid. Ikiwa moduli mbili zina kigawo cha shirika, huenda jibu lisiwepo kabisa: hakuna namba inayobaki 1 kwa 4 na 2 kwa 6, kwani ingekuwa witiri na shufwa kwa wakati mmoja.

Mpaka hapa sijagusa namba kubwa sana, na hizo ni habari ya kusoma vikomo. Kabla hujaandika chochote, tazama swali linasema N inafika wapi. Ikiwa ni namba nyingi hadi 10⁶ au 10⁷, chekeche linatosha. Ikiwa ni namba moja hadi 10¹², jaribu vigawo hadi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 10⁶ tu. Ikiwa ni 10¹⁸, kipeuo ni 10⁹ na njia hiyo imekufa. Hapo ndipo Miller na Rabin wanapokuja kupima utasa, na Pollard, aliyetoa njia yake ya ro mwaka 1975, kuchambua. Kipimo cha Fermat peke yake, yaani kutazama kama a kwa kipeo n − 1 inabaki 1 chini ya n, hakitoshi, kwa sababu 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, inakipita kwa kila msingi usio na kigawo cha shirika nayo. Kwa namba za biti 64, Miller na Rabin kwa misingi 12 ya kwanza iliyo tasa, 2 hadi 37, hutoa jibu la uhakika. Kikomo kingine cha kukumbuka: namba isiyozidi 10⁹ haina vigawo zaidi ya 1,344. Swali likikuruhusu kuipata orodha ya vigawo, kuvipita vyote ni kazi ndogo.

Kuhusu mazoezi, somo hili lina bahati kwamba halihitaji umeme mwingi. Uthibitisho na mifano midogo ni kazi ya kalamu na karatasi, na hata ICPC, mashindano ya programu ya vyuo vikuu, inawapa watu watatu kompyuta moja tu, kwa hiyo kikundi chenye mashine moja kinajizoeza katika hali ile ile ya mashindano. Kila mada, iandike kutoka ukurasa mtupu bila kutazama. Kisha andika programu ya pili, ya kijinga na ya polepole, inayojaribu kila uwezekano, na uzilinganishe mbili hizo kwa maelfu ya namba ndogo za kubahatisha. Makosa ya baki hasi na ya kufurika yanakamatwa hapo. Sehemu ya hisabati ya CSES, tovuti ya maswali ya mazoezi, inafaa kwa kuanzia. Ukihamia Codeforces, tovuti ya mashindano, ficha lebo za mada, kwani lebo inayosema "nadharia ya namba" imeshakupa robo ya jibu na kukunyima zoezi lenyewe, ambalo ni kutambua.

Möbius umuache mwisho, lakini usimnakili. Rudi kwenye lile swali la KKS na ubadilishe: jozi ngapi zina KKS ya 1 kamili? Kwa kila d, hesabu jozi ambazo namba zote mbili ni vigawe vya d. Kisha, ukishuka kutoka d kubwa, toa zile zenye KKS ya 2d kamili, 3d kamili, na kuendelea; kinachobaki ni zenye KKS ya d kamili. Programu hiyo inakwenda kwa kasi ile ile ya N mara logi ya N, na haina jina la mtu ndani yake. Ikishafanya kazi, chukua karatasi uulize kila hesabu ya mwanzo imeingia mara ngapi kwenye jibu la d = 1. Kwa d kuanzia 1 hadi 10 utapata 1, −1, −1, 0, −1, 1, −1, 0, 0, 1. Hizo ndizo thamani za Möbius.